Mtoto wa Rosina Hajapata Jina

11 Septemba

Rosina amezaa! Nimefika Garub jua halijachomoza, na pale kando ya hori la maji nikaona kivuli kimoja kimekuwa viwili. Dume. Miguu mirefu kupita akili yake, rangi ya chai ya maziwa, anatafuta ziwa kwenye kifua cha mama yake, mahali ambapo hapajawahi kuwa na ziwa. Nimepiga picha mpaka vidole vikafa ganzi kwa baridi. Halafu nikaweka kamera kwenye kiti cha pikapu nikalia kama mtu aliyepigiwa simu ya msiba.

Maana najua kinachofuata. Tangu ukame uanze hakuna mtoto wa farasi aliyepona hapa. Farasi hawa hawana mwenyewe, hawana zizi. Wana uwanda wa changarawe, hori moja la maji, na fisi wanaolijua hori hilo vizuri kuliko wao. Wa mwaka jana nilimpiga picha Jumapili. Jumatano nikapiga picha ya kwato.

Nyumbani dada yangu Sofia alikuwa akikanda unga. Ni mpishi wa nyumba ya wageni hapa Aus, tunaishi chumba cha nyuma. Alinitazama mara moja tu.

"Nani kazaa?"

"Rosina. Dume."

"Umempa jina?"

"Sofia, usinianze."

Anajua vizuri. Sisi tunaopiga picha farasi wa jangwani tuna desturi yetu: mtoto hapewi jina mpaka anyonyoke manyoya ya utotoni, atokeze rangi yake ya ukubwani, na apigwe picha mbavu zote mbili, kushoto na kulia. Aliyepata mbavu zote mbili ndiye anayetoa jina. Kabla ya hapo ni mtoto wa fulani, basi. Waliokuwa na haraka wamebaki na majina yasiyo na farasi.

12 Septemba

Upepo. Mchanga mpaka kwenye meno. Sikutoka, na nimegombana na kila aliyenisalimu.

13 Septemba

Yuko hai.

14 Septemba

Yuko hai. Kapteni hataki nimsogelee. Kapteni ndiye dume wa kundi, mweusi, ana kovu shingoni. Jina nilimpa mimi, na nimempiga picha tangu nishike kamera. Akiona jike wake anazurura, anateremsha kichwa mpaka karibu na ardhi, masikio yamelala nyuma, anamswaga arudi. Leo amewaswaga Rosina na mwanawe mpaka nyuma ya mawe, picha zote zikaniponyoka. Nimemtukana matusi ya marehemu baba yangu. Hakujali.

17 Septemba

Leo nimemkuta yule binti wa fisi. Anaitwa Ndapewa, mtu wa kaskazini, Ondangwa huko. Amekuja kuwavisha fisi mikanda ya redio shingoni na kuwafuata mchana kutwa. Ana gari jipya na adabu nyingi. Vyote viwili vinanikera.

"Habari za asubuhi, dada Drina."

"Fisi wako hawajambo?"

"Hawajambo. Mmoja ana watoto wawili pangoni."

"Nikupe pole au hongera?"

Akacheka. Sikutaka acheke.

"Na wao wana njaa, dada."

"Kwa nini wasile swala?"

"Swala wamehama. Wewe mwenyewe umewaona swala mwaka huu?"

Sijawaona. Nikawasha pikapu nikaondoka bila kuaga.

22 Septemba

Lisbet, jike mwingine wa Kapteni, alizaa juzi. Leo mtoto hayupo. Lisbet amesimama mahali mchanga ulipovurugika, anaita. Farasi anayeita mtoto wake anatoa sauti ya chini, ya puani. Ukiwa mbali huisikii. Mimi nilikuwa karibu. Sikupiga picha hata moja.

Jioni nimemwambia Sofia nahamia Garub. Nimeomba kibali cha kulala kule, nimeandika ni kwa ajili ya picha za alfajiri. Picha gani! Naenda kukaa pale kama mlinzi wa duka.

26 Septemba

Nimegundua jambo. Asubuhi nimekuta nyayo za fisi. Zinatoka milimani moja kwa moja kuelekea kwenye hori, zinafika umbali wa kurusha jiwe kutoka hapa nilipolala, zinasimama, zinapinda, zinarudi. Wanaiogopa pikapu. Hili bati bovu lenye taa moja, linaloniaibisha hata kanisani, fisi wanaliogopa!

Rosina amelala na mwanawe upande wa pili wa hori. Nimemtumia busu kwa mkono kama mwendawazimu.

3 Oktoba

Yuko hai. Shingo inaniuma kwa kulala kitini.

8 Oktoba

Shule moja ya Lüderitz imenipigia simu, wanataka picha za wanafunzi, siku tatu. Nimekataa. Sofia amekuja na lifti ya wageni, kaniletea nyama ya mbuzi na mikate ya kwenye makaa, na mdomo wake.

"Mwanamke mzima, unanuka petroli, unalala na farasi. Mchungaji ameniuliza kama umeolewa huku."

"Mwambie ndiyo, mume wangu ni Kapteni."

"Ana wake wawili huyo."

"Mimi nitakuwa mdogo, napendwa zaidi."

Alicheka mpaka akashika mbavu. Alipoondoka nikaona uwanda umekuwa mkubwa mno. Mtoto alikuwa anaruka peke yake, anapiga mateke upepo. Nimepata picha nzuri, miguu yote minne hewani. Lakini hata nilipobonyeza kamera, jicho lingine lilikuwa milimani. Siwezi tena kuangalia kitu kimoja.

19 Oktoba

Joto limeanza. Huku hakuna mti. Saa sita mchana kivuli pekee ni cha pikapu yangu, na leo mtoto amekigundua. Alikuja hatua kwa hatua, ananusa, anarudi, anakuja, mpaka akasimama ubavuni mwa mlango wangu. Nilizuia pumzi. Rosina akamfuata. Baadaye Rosina akajikuna matako kwenye bampa, pikapu nzima ikayumba na mimi ndani.

Jamani, furaha niliyonayo! Nimepiga picha ya jicho la mtoto lililojaa kioo cha gari, na ndani ya kioo, mimi.

20 Oktoba

Amekuja tena.

21 Oktoba

Amekuja tena. Kapteni anasimama mbali, anakwaruza ardhi kwa kwato. Mwache anune.

2 Novemba

Nilikwenda Aus kujaza mafuta. Niliporudi, mtoto aliiona pikapu kwa mbali, akakimbia kuja kunilaki. Akakimbia! Rosina nyuma yake, na Kapteni nyuma ya wote amefura. Nimemsimulia Sofia kwenye simu. Akasema, "Sasa amekuwa mbwa." Nikamkatia.

9 Novemba

Hakuna mvua. Mawingu yanapita kama watu wasiotaka kusalimia.

14 Novemba

Ndapewa amekuja amekonda. Aliketi chini, akaegemea tairi langu bila kuombwa.

"Mtoto mmoja wa fisi amekufa," akasema. "Mama anazunguka mbali sana kutafuta maji. Hapa hapiti tena."

Nilitaka kusema afadhali. Neno lilifika mdomoni likakwama, kwa sababu macho yake yalikuwa mekundu, na mimi nayajua macho hayo, ni yangu ya Septemba. Nikammiminia chai. Tukanywa.

Ndipo mtoto akaja. Akapita mbele yake, akaweka kidevu kwenye dirisha langu.

"Dada Drina, huyu hapaswi kuwa hivi."

"Hivi vipi?"

"Gari kwake ni mama wa pili. Likizo inakaribia. Barabara ya lami ile pale."

"Unaniona mjinga?"

"Sijasema hivyo."

"Fisi wako wanakufa njaa, unataka niondoke wapate kula. Sema ukweli!"

"Ningetaka hivyo ningenyamaza," akasema. Akaweka kikombe kwenye bampa, polepole, akaondoka.

Nimekasirika mpaka sasa. Wivu huo. Fisi wake hawamfuati.

15 Novemba

Barabara iko mbali. Nimepima kwa macho. Iko mbali.

30 Novemba

Joto kali. Yuko hai, amenenepa, anajaribu kung'ata majani makavu. Mimi ndiye niliyekonda.

11 Desemba

Magari ya likizo yameanza kushuka kwenda Lüderitz. Wanapita na boti, na baiskeli juu ya paa. Kila linalopunguza mwendo, mtoto anainua masikio. Nimemwona. Sikuandika jana wala juzi kwa sababu nilikuwa namwona.

20 Desemba

Kapteni amekufa.

Nitaandika yote, nisipoandika sitalala, na hata nikiandika sitalala.

Ilikuwa saa kumi jioni. Nilikuwa kwenye kibanda cha kutazamia, nasafisha lenzi. Gari moja la familia lilisimama pembeni ya lami, baba akafungua buti kutafuta kitu, watoto wakashuka kujinyoosha. Mtoto wa Rosina akaliona. Gari jeupe, limesimama, kama langu. Akaondoka mbio kuelekea huko. Rosina akamfuata, na Lisbet akamfuata Rosina, kwa sababu tangu apoteze mtoto wake anakwenda aendako huyu.

Nilipiga kelele. Nikakimbilia pikapu nikapiga honi, mjinga mimi, honi! Yeye honi yangu anaijua, kwake ni mwito wa kivuli. Akasimama katikati ya lami akanitazama, akitafuta ni gari lipi lililomwita.

Lori la samaki lilikuwa linateremka kutoka Aus. Dereva akashika breki, nikasikia matairi yanalia.

Ndipo nikamwona Kapteni. Alitoka uwandani kama alivyotoka maelfu ya mara, kichwa chini, masikio nyuma, anafanya kazi yake ile ile niliyomtukania. Akawaswaga. Akamng'ata Rosina kiunoni, akamsukuma mtoto kwa kifua, akawatoa kwenye lami wote watatu upande wa pili. Yeye alikuwa wa mwisho.

Dereva aliteremka, ameshika kichwa. Kijana wa Keetmanshoop, kioo cha mbele cha lori kimepasuka. "Mama, sikuweza," alikuwa ananiambia. "Mama, ningepinda ningewaua wale watoto." Nikamwambia najua. Nikamshika mikono. Yule mama wa familia alikuwa amewakumbatia wanawe, analia na kucheka pamoja.

"Yule mdogo alikuja mwenyewe," akasema. "Alikuwa anakuja moja kwa moja mlangoni kwetu. Kama anatujua!"

Nikawaacha. Kapteni alikuwa bado anapumua. Nilikaa naye, mkono juu ya kovu lake. Miaka yote sikuwahi kumgusa, hakuniruhusu. Aliniruhusu leo kwa sababu hakuwa na namna. Ndapewa alifika, sijui nani alimwita, akapiga magoti upande wa pili, na tukakaa hivyo mpaka pumzi ikamwishia.

Hakusema "nilikuambia." Ningempiga angesema. Na nilitamani aseme.

21 Desemba

Mtoto amesimama kwenye kivuli cha pikapu. Simwangalii.

22 Desemba

Ndapewa amekuja mapema. Safari hii mimi ndiye niliyemwita.

"Nikiondoka tu kimya kimya?"

"Atakutafuta. Atakutafuta kwenye lami, gari hadi gari."

"Na nikiondoka, fisi?"

Alitazama milimani kwanza. Nilipenda kwamba hakukimbilia kunipoza.

"Siwezi kukuahidi kitu, dada. Sasa anakimbia, si yule wa Septemba. Fisi mmoja hamkamati mtoto anayekimbia mapema. Anamkamata anayesimama kutazama. Huyu wako umemfundisha kusimama."

"Basi nifanyeje?"

"Aogope gari. Na iwe pikapu yako, na uwe wewe. Langu halijui, atalikimbia langu tu, kwako atarudi."

Nilimpigia Sofia. Nilitegemea kejeli. Akasema, "Nakuja," akaja na masufuria mawili ya nyumba ya wageni, vifuniko, na mwiko wa chuma.

23 Desemba

Tumefanya.

Niliendesha pikapu mpaka mahali petu pa kawaida, nikazima. Akaja kwa furaha, shingo mbele. Sofia akaruka nyuma ya pikapu akagonga sufuria kwa nguvu zake zote, Ndapewa akapiga vifuniko, mimi nikabonyeza honi nikashuka napiga mayowe. Akaruka, akakimbia, akafika mbali kidogo. Halafu akageuka, akatikisa kichwa, akarudi anarukaruka. Mtoto huyu! Alidhani ni mchezo.

"Tena!" Ndapewa akasema.

Tena. Akarudi. Tena. Akarudi, sasa anatembea, masikio mbele, ananitazama mimi. Sofia alikuwa anagonga huku machozi yanamtiririka, anamtukana: "Nenda, mpumbavu! Nenda! Hakuna anayekutaka hapa!"

"Dada," Ndapewa akaniambia. Akaangalia chini, kwenye mawe.

Niliokota jiwe. Si kubwa, la kujaa kiganja. Alikuwa karibu, ningeweza kumgusa pua. Nikamrushia. Likampata begani, nikasikia lilivyogonga. Alishtuka, akasimama. Bado alisimama! Nikaokota lingine nikamrushia, na lingine, la tatu likampata mbavuni, na hapo ndipo kitu kikavunjika usoni mwake, naapa nilikiona. Akageuka akakimbia. Rosina akakimbia. Tuliingia kwenye pikapu tukawafukuza kwa honi na masufuria, mbali kabisa na lami, kupita reli, mpaka wakawa vumbi.

Sufuria moja limebonyea. Sofia amesema atawaambia wageni limeanguka.

Mkono wangu wa kulia nimeuosha mara mbili, na bado nausikia.

25 Desemba

Krismasi. Kanisani nilikaa mlangoni. Moyo wote uko Garub. Ndapewa alikula kwetu, Sofia kamjazia sahani mara tatu. "Mwanangu, hao fisi wako hawakupikii?" Amecheka. Sasa napenda akicheka.

27 Desemba

Sijui kama yuko hai.

29 Desemba

Sijui.

2 Januari

Siendi. Nimeahidi siendi mwezi mzima. Nimepanga viatu, nimepangua viatu. Nimefua pazia safi. Sofia ameficha funguo za pikapu kwenye pipa la unga, na najua ziko huko, na yeye anajua kwamba najua.

6 Januari

Ndapewa anasema redio inaonyesha yule fisi mama amekuwa karibu na hori siku mbili. Nilimuuliza amekula? Akasema amekula kitu. Kitu gani? Hajui. Nikatembea mpaka kituo cha treni na kurudi, mara sijui ngapi. Watu wananiuliza nimepoteza nini.

7 Januari

Alikula mbuni. Ndapewa ameona manyoya. Alipiga simu anahema, alikimbia mlimani kutafuta mtandao ili aniambie. Nimekaa chini sakafuni jikoni.

15 Januari

Mvua. Dakika chache tu, ikatoboa vumbi vishimo vishimo ikaondoka. Watu wote wa Aus walitoka nje kusimama ndani yake.

23 Januari

Mwezi umekwisha. Sofia alizamisha mkono kwenye pipa la unga, akanipa funguo nyeupe kama mandazi mabichi.

Niliegesha nyuma ya kilima, nikapanda kwa miguu, Ndapewa pembeni yangu. Na pale chini kwenye hori: Rosina. Lisbet. Na yeye.

Yeye! Amekua. Manyoya ya rangi ya chai yamenyonyoka shingoni na mabegani, na chini yake ni mweusi. Mweusi wa Kapteni. Nikamshika Ndapewa mkono nikaubana mpaka akalalamika. Kutoka pale juu joto lilikuwa linayeyusha kila kitu, picha haishikiki, naona madoa matatu yanacheza. Nikasema, nisogee kidogo tu. Mbavu mbili, kushoto, kulia, nimpe jina, basi. Nilikuwa tayari na jina.

Nilirudi kwenye pikapu nikaizungusha kilima polepole, injini inanong'ona. Pua ya gari ilipochungulia tu, alikuwa ameshainua kichwa. Hakusimama kutazama. Hakungoja hata mama yake. Aligeuka akaondoka mbio kuelekea milimani, majike wawili nyuma yake wanahangaika kumfikia, na mimi, kamera ikining'inia dirishani, nikabonyeza nilichoweza.

Ndapewa aliteremka kilimani anahema. "Umepata ubavu wa kushoto?"

"Hapana."

"Wa kulia?"

"Hapana."

"Sasa umepata nini?"

Nikamwonyesha. Matako mawili, mkia umesimama, na vumbi.

"Basi bado hana jina," akasema.

"Hana," nikasema. "Na kwa mbio zile, kwangu hatapata." Nikaanza kucheka, na kicheko kikageuka, na Ndapewa akazima injini akaniacha nilie mpaka nikamaliza.

24 Januari

Sofia ameibandika ile picha jikoni, juu ya jiko. Wageni wanamuuliza mpiga picha gani huyu. Mimi nimelala mpaka saa nne asubuhi, akaja kunigusa kuona kama napumua.